Majina ya wasanii wa Beni na Butembo: nani ameyaandika, na yanawekwa wapi?

Tangu mwezi wa kumi wa mwaka 2014, mauaji yaliyoanza pembeni ya mji wa Beni yamehamisha watu katika vijiji vingi vya wilaya ya Beni. Wengine walikimbilia Oicha, wengine Beni mjini, wengine Butembo, na wengine walivuka mpaka Kasindi na kuingia Uganda. Mwaka 2024 vita vya kusini mwa Lubero vilileta wahami wengine. Kanyabayonga ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwisho wa mwezi wa sita mwaka ule, familia nyingi zilishika njia ya kaskazini, kuelekea Lubero na Butembo.

Kati ya familia hizo mna wakulima, walimu, mafundi na wachuuzi. Mna vilevile wapiga gitaa, waimbaji wa korali, wachoraji, wachongaji, wasusi wa vikapu na mikeka, waigizaji, na wazee wanaojua nyimbo za arusi na za kilio. Mkulima akihama, majirani wanaweza kushuhudia shamba lake lilikuwa wapi. Mwalimu akihama, ana namba yake ya kazi serkalini. Lakini mwimbaji akihama, mara nyingi hakuna karatasi popote inayosema kwamba alikuwa mwimbaji, wala alitunga nini. Akifika mji mwingine anaanza upya kama mtu asiyejulikana. Akifia njiani, kazi yake inazikwa pamoja naye.

Ndiyo maana wazo la kuwa na kitabu cha majina ya wasanii wa Beni na Butembo, kinachosomeka kwenye simu na kwenye karatasi, lisichukuliwe kama jambo la anasa wakati wa vita. Wala si wazo jipya. Katika Kongo, orodha za wasanii zimeandikwa kwa karibu miaka mia moja. Historia yake inafaa kujulikana kabla ya mtu kuandika jina la kwanza, kwa sababu makosa mengi yamekwisha kufanywa.

Mchongaji aliyepewa jina la kijiji

Wakati wa ukoloni, masanamu, vinyago na viti vya watemi vilichukuliwa kwa wingi kutoka Kongo na kupelekwa Ubelgiji na nchi nyingine za Ulaya. Waliovichukua waliandika mara nyingi kabila na mahali. Jina la mchongaji hawakuliuliza. Walidhani kwamba katika Afrika kitu kinachongwa na kabila zima, si na mtu mmoja mwenye mkono wake.

Mtaalamu mmoja Mbelgiji, Frans Olbrechts, aliona tofauti katika miaka ya 1930. Alipolinganisha masanamu kadhaa ya upande wa Waluba na Wahemba, aliona kwamba nyuso ndefu zenye huzuni na namna ya kuchonga mikono zilifanana sana. Akasema hii ni kazi ya mkono mmoja. Kwa kuwa hakuwa na jina la mtu, walimwita kwa jina la kijiji ambapo baadhi ya masanamu hayo yalichukuliwa: Bwana wa Buli. Kitabu chake kuhusu uchongaji wa Kongo kilitoka mwaka 1946. Katika miaka ya 1970 tu ndipo watafiti waliokwenda kuuliza wazee mahali penyewe walipopata jina: Ngongo ya Chintu, wa kijiji cha Kateba.

Hapo kuna somo la kwanza. Jina la yule mchongaji halikuwa limepotea kwao. Wazee walilikumbuka. Lilikosa mtu wa kuliuliza na mahali pa kuliandika. Vitu vyake vilikuwa tayari katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, vikitazamwa na maelfu ya watu, na jina lake lilibaki kijijini kwa miaka mingi.

Gari la kurekodi sauti, mwaka 1952

Mwaka 1952 Mwingereza Hugh Tracey, aliyekuwa anaishi Afrika Kusini, alizunguka Kongo ya Wabeleji akiwa na gari lenye mashine za kurekodi sauti. Alipita kwanza kusini, kisha akafika mashariki na pembeni ya msitu wa Ituri. Huko alirekodi Wambuti, Wabira, Wabudu, na pia Wanande, ambao ni wenyeji wa Beni, Lubero na Butembo.

Tracey hakuacha sauti tupu. Kwa kila wimbo aliandika lugha, mahali, aina ya vyombo, na mara nyingi jina la mtu aliyeongoza uimbaji. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, na mwaka 1973 orodha ya kazi ile ilichapwa katika vitabu viwili. Leo maktaba hiyo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mji wa Makhanda, Afrika Kusini.

Kazi hiyo ilisaidia sana. Bila ile kadi ndogo ya maelezo, sauti ya mwaka 1952 ingekuwa kelele tu kwa mtoto wa leo. Lakini orodha ile ina mambo mawili ambayo wasanii wa leo wanapaswa kuyatazama.

La kwanza, ni orodha ya bahati. Mwaka ule ule, katika mji wa Jadotville ambao leo ni Likasi, Tracey alimkuta kijana mmoja akipiga gitaa barabarani. Alikuwa Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa mwaka 1930. Alimrekodi, na wimbo wake Masanga ukajulikana mbali sana. Mwisho wa miaka ya 1950 Mwenda alikaa Nairobi kwa muda, na wapiga gitaa wengi wa Kenya walijifunza kwake namna ya kuchapa nyuzi kwa vidole. Lakini siku ile barabarani Tracey alimwona kijana mmoja. Hakuna anayeweza kuhesabu wapiga gitaa waliokuwa mtaa wa pili.

La pili, ile orodha iliwekwa mbali na wenyewe. Mjukuu wa mwimbaji wa Kinande aliyerekodiwa mwaka 1952 anahitaji intaneti, Kiingereza, na mtu wa kumwambia kwamba sauti ya babu yake ipo. Nyimbo zilitoka milimani, zikasafiri hadi kusini kabisa mwa Afrika, na nakala haikurudi kijijini.

Lubumbashi: jina linajulikana, mtu amepotea

Katika miaka ya 1973 na 1974, mjini Lubumbashi, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya Kongo kwa picha zaidi ya 100: kufika kwa wazungu, kazi za kulazimishwa, Lumumba, vita vya Katanga, mpaka Zaire ya Mobutu. Alimwonyesha picha hizo mtafiti Johannes Fabian, na kila picha aliieleza kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Mazungumzo yale yalirekodiwa, na mwaka 1996 yalitoka katika kitabu pamoja na picha zenyewe.

Baadaye Fabian na wenzake wa Chuo Kikuu cha Amsterdam waliweka kwenye intaneti hazina ya maandishi ya Kiswahili cha Kongo. Ndani yake mna kitabu cha historia ya Elisabethville kilichoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya watumishi wa nyumbani. Kwa mtu wa Beni au Butembo, ni ajabu kidogo kusoma Kiswahili kinachokaribia cha nyumbani katika hazina ya chuo cha Uholanzi.

Lakini Tshibumba mwenyewe, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, hajulikani alipo. Picha zake zinajulikana duniani, jina lake linafundishwa vyuoni, na hakuna aliyefuata maisha yake. Mtafiti aliondoka na kazi yake, na mjini hapakubaki umoja wa wasanii wenye desturi ya kuulizana: fulani yuko wapi, mbona hajaonekana mwezi huu? Orodha inaweza kuhifadhi kazi bila kumhifadhi mtu. Kumhifadhi mtu kunahitaji wenzake.

Orodha ya serkali, na haki ya warithi

Serkali nayo ilianzisha orodha yake, kwa sababu ya malipo. Mwaka 1969 iliundwa SONECA, shirika la taifa la watungaji na wachapishaji. Mwaka 1986, tarehe 5 mwezi wa nne, ilitoka sheria ya kulinda haki za watungaji. Wanamuziki walilalamika kwa miaka mingi juu ya SONECA, na mwaka 2011 nafasi yake ilichukuliwa na SOCODA, shirika la ushirika la wasanii wenyewe.

Namna ya kufanya kazi inaeleweka kwa urahisi. Redio, televisheni, baa, hoteli na matamasha yanayotumia muziki yanapaswa kulipa. Fedha zinakusanywa na shirika, kisha zinagawanywa kwa watungaji. Ili mtungaji apate sehemu yake, lazima awe mwanachama na awe ametangaza kazi zake: jina la wimbo, nani alitunga maneno, nani alitunga sauti. Ambaye hakutangaza wimbo wake hawezi kuhesabiwa, hata kama wimbo huo unapigwa kila asubuhi.

Sheria ile ya 1986 ina jambo ambalo familia za wahami zinapaswa kulisikia. Haki ya mtungaji haiishi siku ya kifo chake. Inaendelea kwa warithi wake kwa miaka 50. Kwa hiyo mjane au yatima wa mwimbaji aliyeuawa njiani ana haki juu ya nyimbo zile. Lakini atazidai kwa kutumia nini? Kama hakuna mahali palipoandikwa kwamba wimbo huu ulitungwa na mtu huyu mwaka huu, yeyote anaweza kuuimba upya na kuuweka jina lake.

Makao makuu ya shirika yako Kinshasa. Kutoka Butembo mpaka Kinshasa hakuna barabara ya kumfikisha mtu, na tiketi ya ndege inapita uwezo wa wapiga gitaa wengi. Orodha ya taifa haiwezi kuwa kamili kama hakuna orodha ya mji inayoilisha.

Wasanii wanaanza kujikusanya wenyewe

Tangu mwaka 2000 hivi, mambo yalibadilika katika miji kadhaa ya Kongo. Wasanii waliacha kungoja mgeni mwenye mashine. Mcheza dansi Faustin Linyekula alianzisha Studios Kabako mwaka 2001, na baadaye akaihamishia Kisangani, mji unaofikiwa kwa barabara ya taifa namba 4 kutoka Beni. Lubumbashi, chama cha Picha kilifanya mwaka 2008 maonyesho yake makubwa ya kwanza ya picha na sinema. Goma, mtengeneza filamu Petna Ndaliko Katondolo alianzisha Yole!Africa, nyumba ambamo vijana walijifunza sinema, muziki na dansi, na ambayo ilileta tamasha la filamu la Salaam Kivu. Mwezi wa pili mwaka 2014, baada ya M23 kushindwa mara ya kwanza, Tamasha la Amani lilifanyika Goma na kukusanya maelfu ya watu kwa siku tatu.

Mwaka ule ule wa 2014 ulifunguliwa mtandao wa Music In Africa, wenye ofisi Johannesburg. Humo mwanamuziki wa nchi yoyote ya Afrika anaweza kujiandikisha mwenyewe, kueleza anafanya muziki gani, kuweka nyimbo zake, na kutafutwa kwa jina la nchi au la mji. Humo msanii wa Kivu angeweza kuandika maelezo yake kwa mkono wake, bila kungoja mtafiti amkute barabarani.

Hata hivyo mtandao ule unatumia Kiingereza na Kifaransa. Anayeimba kwa Kinande na Kiswahili, na aliyesoma miaka michache tu, hafiki humo bila msaada. Mzee anayetengeneza ngoma hawezi kujiandikisha kama hana simu ya kisasa. Mlango umefunguliwa, lakini bado anahitajika mtu wa kwenda nyumba kwa nyumba.

Ebola na kukatwa kwa intaneti

Tarehe 1 mwezi wa nane 2018, serkali ilitangaza Ebola katika wilaya ya Beni, kuanzia Mangina. Ugonjwa ulimalizika tarehe 25 mwezi wa sita 2020, baada ya kuua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470. Katika miezi ile, watu wengi hawakuamini maneno ya wageni waliovaa mavazi meupe. Wimbo na mchezo wa redio katika lugha ya nyumbani vilisikilizwa kuliko matangazo ya Kifaransa.

Shirika lenye haraka humchukua msanii lililokwisha kumjua. Bila orodha, anachukuliwa yule anayeishi karibu na ofisi au mwenye rafiki ndani yake, na wengine hawajui hata kwamba kulikuwa na kazi. Kuna hatari nyingine tena, ambayo Chérie Rivers Ndaliko ameieleza katika kitabu chake cha mwaka 2016, Necessary Noise, kuhusu sanaa na mashirika ya misaada mashariki mwa Kongo: fedha za misaada zikiwa ndizo njia pekee ya kula, msanii anaweza kuishia kuimba ujumbe wa shirika tu, na kuacha yale aliyotaka kusema mwenyewe. Wasanii walio katika umoja wanaweza kukubaliana bei na masharti. Aliye peke yake hukubali anachopewa.

Katikati ya Ebola kulitokea jambo jingine. Uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018 haukufanyika Beni na Butembo, ukaahirishwa kwa sababu zilizotajwa kuwa ni Ebola na ukosefu wa usalama. Kesho yake, tarehe 31, intaneti ilikatwa nchini kote, na ilirudi baada ya siku karibu 20. Wakati wote huo, kazi yoyote iliyowekwa mtandaoni tu haikuweza kufikiwa na mwenyewe. Tangu siku zile kila mtu wa Kongo anajua kwamba kilicho kwenye intaneti kinaweza kuzimwa kwa amri moja.

Jina linaweza kuleta hatari

Tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Mahakama za kijeshi zilipewa uwezo wa kuhukumu raia. Mwaka ule ule, Delphin Katembo Vinywasiki, mwimbaji anayejulikana kama Delcat Idengo, alihukumiwa kifungo na mahakama ya kijeshi huko Beni kwa sababu ya nyimbo zake. Vijana wengi wa Beni na Butembo walizijua kwa moyo. Tarehe 13 mwezi wa pili 2025, wiki chache baada ya M23 kuiteka Goma, aliuawa kwa risasi katika mji huo.

Kifo chake kinalazimisha swali gumu. Orodha yenye jina, picha, namba ya simu na mtaa wa msanii ni msaada kwa anayetaka kumpa kazi. Ni msaada pia kwa anayetaka kumkamata. Katika eneo ambapo uwezo wa bunduki umebadilika mikono mara nyingi, hakuna anayejua nani atakuwa anasoma orodha hiyo mwaka kesho. Waliomwandika Ngongo ya Chintu hawakuwa na wasiwasi huo. Wanaoandika leo lazima wawe nao.

Orodha inayofaa Beni na Butembo

Ukiunganisha mambo hayo yote, inaonekana wazi ni orodha ya namna gani inaweza kusaidia hapa.

Kwanza, jina la kuzaliwa peke yake halitoshi. Kwa Wanande majina hufuata mpangilio wa kuzaliwa: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo kwa wavulana, Masika, Kavira, Katungu na mengine kwa wasichana. Anayetafuta "Kambale mpiga gitaa" Butembo atapata watu wengi. Kwa hiyo inahitajika jina la usanii, aina ya sanaa, lugha anazotumia, na kule anakotoka: Bashu, Watalinga, Ruwenzori, Beni-Mbau, Bapere, Baswaga na kwingineko.

Pili, mahali mtu anapotoka paandikwe mbali na mahali alipo sasa. Mhami hubadilisha makao mara mbili au tatu kwa mwaka. Mahali alipo sasa patajwe kwa mji tu, bila mtaa. Namba yake ya simu isiwekwe hadharani. Anayemtaka apitie kwa mtu anayeaminika, kama katibu wa umoja, msimamizi wa korali au mwandishi wa redio, ambaye atamwuliza msanii kwanza. Kwa njia hii hata akipoteza kadi ya simu njiani, bado anapatikana.

Tatu, kila mmoja akubali mwenyewe, na awe na haki ya kufutwa siku yoyote bila kueleza sababu. Picha ya uso isilazimishwe. Anayeimba mambo ya hatari anaweza kuandikwa kwa jina la usanii tu, na jina lake la kweli likabaki kwa wenzake wachache.

Nne, kazi ziorodheshwe pamoja na mtu: jina la wimbo au la mchoro, mwaka, nani alitunga, nani alipiga, na kwenye studio gani. Hiyo ndiyo karatasi ambayo mjane ataonyesha. Hiyo pia ndiyo itakayompa mtungaji mwanzo mzuri siku atakapotaka kujiandikisha kwenye shirika la taifa.

Tano, wasiachwe wasiopanda jukwaani. Anayechonga ngoma, anayesuka mikeka, anayetengeneza marimba ya endara inayojulikana pande zote mbili za mlima Ruwenzori, mama anayeongoza nyimbo za kilio: hao ndio ambao Tracey angewaandika mwaka 1952 kama angepita kwao, na ndio ambao vita vinawapoteza kwanza, kwa sababu ni wazee. Kwao simu haitoshi. Kijana mwenye daftari akae nao, aulize jina la wimbo, maana yake, na walijifunza kwa nani.

Sita, nakala zisikae mahali pamoja. Moja iwe kwenye intaneti, sehemu isiyo na hatari tu. Nyingine iwe kwenye kadi za kumbukumbu mikononi mwa watu watatu wasioishi mtaa mmoja. Nyingine iwe ya karatasi, mahali penye mlango na wasomaji: parokia, maktaba ya chuo kama Université Catholique du Graben ya Butembo, au ofisi ya redio. Intaneti ikikatwa, karatasi inabaki. Nyumba ikichomwa, kadi ya mtu wa mji mwingine inabaki.

Gharama ya kuanza si kubwa. Daftari, kalamu, simu moja yenye kurekodi sauti, na Jumapili mbili za kukutana baada ya misa na ibada zinatosha kuandika watu hamsini wa kwanza. Kinachogharimu ni kuendelea: kurudi kila miezi mitatu na kuuliza kila mmoja yuko wapi, amefanya nini kipya, nani amehama, nani amefariki. Picha za Tshibumba zilihifadhiwa, lakini hapakuwa na wa kumwuliza mwenyewe maswali hayo.

Katika makao ya wahami, korali huzaliwa kabla ya shule, kwa sababu kuimba hakuhitaji ubao wala kiti. Mara nyingi kiongozi wake ni mtu aliyekuwa anaongoza korali nyingine, katika kijiji ambacho leo kimebaki tupu. Anazijua nyimbo za kule na anawajua waliozitunga, walio hai na waliokufa. Wiki hii bado anaweza kuulizwa. Majina yale yakiandikwa kwa kibali chake, watoto wa kijiji kile watakuwa na mahali pa kuanzia siku watakaporudi.